Huduma ya lishe ya mama na mtoto Mwanza: kliniki ya mjini na SALIKI ya kijijini

Mdogo wangu alijifungua jijini Mwanza, na mimi ndiye niliyekuwa nikifuatana naye kliniki. Baadaye, mtoto alipopelekwa kwa bibi yake katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Misungwi, tulihudhuria pia Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji, ambayo wengi huiita SALIKI na ambayo hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Huduma ni ile ile, sera ni ile ile, lakini namna inavyomfikia mama ni tofauti kiasi kwamba naona ni haki kwa wazazi wengine waelezwe kila upande unatoa nini.

Kliniki ya mjini inastahili sifa kwa mambo ambayo ni rahisi kuyasahau. Kwa mujibu wa sera ya afya, mjamzito na mtoto aliye chini ya miaka 5 huhudumiwa bila malipo. Tangu hudhurio la kwanza mdogo wangu alipewa vidonge vya madini chuma na foliki asidi, akaelekezwa ameze kila siku na asivichanganye na chai, kwa kuwa chai huuzuia mwili kuyafyonza madini hayo. Alisisitiziwa kunyonyesha maziwa ya mama pekee, bila hata maji, kwa miezi 6 ya mwanzo. Mtoto alipofikisha umri huo alipewa matone ya vitamini A, ambayo hurudiwa kila baada ya miezi 6 hadi anapokaribia miaka 5. Mkono wake ulipimwa kwa ule utepe wenye rangi, ambao chini ya sentimita 11.5 huonyesha nyekundu, yaani utapiamlo mkali unaohitaji matibabu. Hayo yote yalifanyika kwa wakati na kwa heshima.

Udhaifu wa kituo kile ulikuwa katika kipimo kimoja na katika mazungumzo. Mtoto aliwekwa kwenye mizani, uzito ukaandikwa kwenye kadi, kadi ikarudishwa, na mama aliyefuata akaitwa. Urefu haukupimwa hata mara moja katika mahudhurio niliyoshuhudia. Jambo hili linanisumbua kwa sababu udumavu haujionyeshi kwenye mizani: mtoto aliye mfupi kuliko umri wake anaweza kuwa na uzito unaolingana vizuri na kimo chake, akaonekana amenona, na familia nzima ikafurahi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Tumetoka mbali, kwani mwaka 2010 ilikuwa asilimia 42, lakini siamini kwamba tutawatambua waliobaki kwa mizani peke yake, na ubao wa kupimia urefu si kifaa cha gharama kubwa.

Kuhusu mazungumzo, somo la lishe lilitolewa kwa kina mama wote kwa pamoja wakiwa kwenye mabenchi, watoto wakilia, na kiini chake kilikuwa kwamba mtoto apewe mlo kamili. Mdogo wangu aliondoka akiwa hajui mlo kamili huo upikwe kwa nini, mzito kiasi gani, mara ngapi kwa siku. Alichofanya ni kile wanachofanya wengi: alinunua dukani unga wa lishe wenye mahindi, mchele, ulezi, soya na karanga vilivyosagwa pamoja, akapika uji mwepesi wa kunywesha kwa kikombe. Unga wa aina hiyo huchacha upesi kwa sababu ya mafuta ya karanga, na karanga au mahindi yasipokaushwa na kuhifadhiwa vizuri huweza kubeba sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu. Hakuna aliyemweleza hayo.

Kijijini mambo yalikuwa mengine kabisa, na hapa ndipo ninapotoa alama za juu. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mama wa makamo anayejulikana na kila kaya, aliinjika chungu mbele ya wote. Alichemsha viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A, akaviponda. Akachukua dagaa waliokaushwa kwenye chanja, si wale wa mchangani, akawatwanga na kuwachekecha hadi wakawa unga laini. Akaongeza mchicha uliokatwakatwa sana na kijiko cha mafuta. Kisha akainamisha kijiko: chakula kikabaki pale pale. Akamwambia bibi wa mtoto wetu, kwa adabu zote, "Bibi, ukiona kinamwagika, ujue umempa mjukuu maji." Alieleza kwamba mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale milo 2 hadi 3 kwa siku na aendelee kunyonya, na kwamba akifikisha miezi 9 iwe 3 hadi 4.

Aliyeambiwa alikuwa bibi, na hilo lina uzito wake, kwa maana katika kaya nyingi za huku mama kijana hupika kile ambacho mama mkwe na mume wameafiki. Kliniki humsemesha mama peke yake, ilhali SALIKI iliwakuta wote, ingawa akina baba walikuwa wachache na walisimama mbali. Vyakula vyenyewe pia vilikuwa vya hapa hapa. Dagaa wa ziwa huliwa mzima pamoja na mifupa yake, kwa hiyo humpa mtoto protini, chuma, zinki na kalsiamu kwa bei ambayo nyama haiwezi kuifikia, na katika soko la samaki la Mwaloni Kirumba jijini wamejaa. Inaniuma kuona sehemu kubwa ya dagaa hao ikiishia kwenye chakula cha kuku huku watoto wa mwambao huu wakilishwa uji mweupe na michembe mitupu, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa.

Upungufu wa SALIKI niliouona ni kwamba muda ulikuwa mfupi kwa watu wengi vile, na vifaa vilikuwa vya kuazima majumbani. Mtoto akikosa siku hiyo, miezi mitatu inayofuata ni mirefu mno kwa umri wa kuanza kula.

Swali la kuipanua huduma hii nchi nzima haliko mbali na hayo niliyoyaona. Mwaka 2013 jarida la The Lancet lilichapisha makadirio kwamba afua 10 za lishe, yaani hatua za kuboresha lishe, zikiwafikia asilimia 90 ya walengwa katika nchi 34 zenye mzigo mkubwa zaidi wa utapiamlo, udumavu ungepungua kwa takribani moja ya tano. Ni faida kubwa, lakini inaonyesha pia kwamba kufikia idadi peke yake hakumalizi tatizo. Sisi wenyewe tuna funzo la Iringa, ambako mwaka 1983 ulianza mpango uliosaidiwa na UNICEF na WHO, wanavijiji wakawa wanawapima watoto wao, wanajadili sababu na kuamua hatua. Utapiamlo mkali ulipungua sana, na mfano huo ukapelekwa mikoa mingine. Hata hivyo, utafiti wa 2022 uliikuta Iringa ikiongoza nchi nzima kwa udumavu, mkoa wenye chakula tele. Kwa maoni yangu, mikutano ile ya kijiji, ambako sababu zilijadiliwa na wenye watoto, ndiyo iliyokuwa moyo wa kazi, na ndiyo iliyo ngumu kuidumisha fedha za wafadhili zinapokoma.

Halmashauri hutakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato yake ya ndani. Kama ningeulizwa zitumikeje, ningeanza na ubao wa urefu katika kila kliniki, sufuria na kinu kwa kila kijiji, na posho ya uhakika kwa wahudumu kama yule mama wa Misungwi, ili aweze kupita nyumbani kwa mtoto wa miezi 6 bila kusubiri siku ya mkutano. Kwa mzazi aliye Nyamagana au Ilemela, ushauri wangu ni huu: usiondoke dirishani kabla muuguzi hajakuonyesha kwenye kadi mstari wa mtoto wako unaelekea wapi, omba apimwe urefu, na siku ya kuanza kumlisha nenda na mama mkwe wako.