Darasa la nyota la usiku Jambiani: swali la mtoto halikujibiwa

Natanguliza hukumu ili mwenye haraka aondoke nayo. Kama una mtoto wa skuli anayependa kuuliza, usimpeleke kwenye darasa hili la nyota la ufukweni. Kama mtoto wako ni wa kutazama na kunyamaza, mpeleke. Ndivyo nilivyoandika mwanzo na sifuti, ingawa huko chini mtaona moyo wangu haujatulia upande mmoja.

Bei, saa ya kuanza, ukubwa wa darubini, vyote vimo kwenye tangazo lao, someni wenyewe. Mimi nina jambo moja tu, lililotokea musimu huu wa kaskazi, usiku wa bamvua, yaani wa maji makubwa, mbele ya watoto na wazee wao.

Nilimpeleka mtoto wa dada yangu. Yuko kidato cha pili, anaishi hapo hapo Jambiani na mama yangu, na mama yangu ni mkulima wa mwani, miongoni mwa wanawake walioanza zamani kilimo hicho kilipoingia pwani yetu ya mashariki mwaka 1989. Mtoto huyu amekua na kalenda ya maji kichwani. Anajua kuwa mwezi ukiandama, na ukishapevuka, maji yanakuwa makubwa: yakijaa yanafika kwenye mashina ya minazi, yakitoka yanakwenda mbali mpaka unaona vijiti vya mwani vyote vimesimama kwenye mchanga. Anajua kuwa siku za bamvua maji hutoka asubuhi saa nne, saa tano hivi, ndiyo saa ya bibi yake kwenda kazini, na hutoka tena usiku saa kama hizo hizo. Anajua kila siku yanachelewa kidogo, kiasi cha dakika 50. Hayo yote ameyashika kwa kubeba magunia ya mwani na bibi yake.

Msomeshaji alianza vizuri, sitamdhulumu. Aliwaonyesha Kilimia, kile kishada cha nyota. Aliwaonyesha kundi la nyota la Jabari lililokuwa karibu na utosi, na nyota zake mbili kubwa, Betelgeuse yenye wekundu na Rigel yenye ubuluu, akawaeleza kwamba ile nyekundu ndiyo yenye joto dogo na ya buluu ndiyo kali zaidi. Watoto walishangaa, maana wengi walidhani kinyume chake. Akasema nuru ya jua inachukua kama dakika 8 kutufikia, na ile ya nyota iliyo jirani zaidi baada ya jua inachukua miaka zaidi ya 4. Mpaka hapo nilikuwa najiambia pesa yangu imefanya kazi.

Kisha akafika kwenye mvutano. Akasema hivi, na nayakumbuka maneno yake: "Ukishatoka nje ya hewa ya dunia, hakuna mvutano. Ndiyo maana wanaanga wanaelea."

Mtoto akanyoosha mkono. Akasimama, kwa adabu aliyofundishwa kwao, akasema: "Samahani mwalimu. Kama huko juu hakuna mvutano, mwezi unayavutaje maji? Halafu sasa hivi mwezi umeshatua, na maji yametoka. Alfajiri yatajaa, na mwezi utakuwa bado haujachomoza. Nani anayavuta?"

Naomba msome tena swali hilo. Mtoto wa kidato cha pili, ufukweni, gizani, ameunganisha alichoambiwa dakika ile na anachokiona kwa macho yake, akaona havipatani. Wapo watu wazima na vyeti vyao hawajawahi kulifikia swali hilo.

Yule bwana akamjibu kwa kipaza sauti: "Wewe umekuja kusoma nyota au kuchokoa pweza? Mambo ya pwani kamuulize bibi yako."

Watu wakacheka. Wazee wenzangu walicheka! Mtoto akakaa chini, akavuta buibui lake, akainamia daftari ambalo hakuna alichokuwa anaandika.

Bibi huyo anayetajwa kwa dharau ni mama yangu mzazi. Huyo anajua saa ya maji kwa kuutazama mwezi, na familia yetu imelishwa na ujuzi huo. Lakini hata tukiacha heshima ya mama yangu pembeni, na siachi, lile lilikuwa swali la mvutano lenyewe. Huyu mtu amelipwa kufundisha sayari na mvutano, amesimama mita chache kutoka kwenye mfano mkubwa wa mvutano ambao mtoto wa Unguja anaweza kuuona, bahari nzima imeondoka mbele yake, naye anasema hayo ni mambo ya pweza.

Na alichosema mwanzo hakikuwa kweli. Kituo cha anga cha kimataifa kinazunguka kiasi cha kilomita 400 juu yetu, na hapo mvutano wa dunia ni kama asilimia 90 ya huu unaotushika hapa chini. Wanaanga wanaelea kwa sababu wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku wakienda mbele kwa kasi ya karibu kilomita 28,000 kwa saa, kwa hiyo ardhi inapinda chini yao na hawaifikii. Mwezi nao ni hivyo hivyo. Uko kiasi cha kilomita 384,000, yaani mara 60 ya umbali wa kutoka kiini cha dunia mpaka juu yake, na mvutano wetu ukifika huko umepungua mara 3,600, lakini haujakatika. Newton alilieleza hilo katika kitabu alichokitoa mwaka 1687. Mvutano ungeishia pale hewa inapoishia, mwezi ungekuwa umekwenda zake zamani.

Na swali la pili, lile la alfajiri, jibu lake linafundishika hata kwa kidole mchangani. Mvutano wa mwezi unapungua kadiri unavyokwenda mbali. Maji ya upande wa dunia unaouelekea mwezi yako karibu, yanavutwa zaidi. Kiini cha dunia kiko mbali kidogo, kinavutwa kwa kiasi chake. Maji ya upande wa pili yako nyuma kwa upana mzima wa dunia, zaidi ya kilomita 12,700, yanavutwa kidogo kuliko vyote. Kwa hiyo upande wa mbele maji yanaitangulia dunia, na upande wa nyuma dunia inayatangulia maji. Maji yanavimba pande zote mbili, na dunia inazunguka chini yake. Ndiyo maana tunapata kujaa mara mbili, na baina ya kujaa na kujaa unapita muda wa saa 12 na dakika 25, kwa sababu mwezi nao unakuwa umesogea. Ukichukua dakika 25 mara mbili unapata zile 50 ambazo mama yangu na wenzake wanazifuata kila siku. Bahari ya kweli ina mabara, ina kina na mikondo, kwa hiyo maji hayajai pale pale mwezi unapofika utosini, kila pwani ina uchelewaji wake. Mwezi ukiandama au ukipevuka, jua linakuwa kwenye mstari mmoja nao na nguvu zinajumlika, hilo ndilo bamvua. Mwezi ukiwa nusu, vinavutana pembeni, tunapata maji mafu. Na hapa pana jambo tamu ambalo yule bwana angewaacha watoto midomo wazi nalo: jua linaivuta dunia kwa nguvu zaidi ya mara 170 ya mwezi, lakini kwenye maji mchango wake haufiki hata nusu ya ule wa mwezi, kwa sababu liko mbali mno na tofauti baina ya upande huu wa dunia na ule ni ndogo.

Mimi si mwanasayansi. Nauza vitambaa Darajani. Haya nimeyasoma kwa ajili ya mtoto, baada ya usiku ule, kwa hasira. Kama mimi nimeweza, anayelipwa hana udhuru.

Sasa nifike pale ambapo hukumu yangu inayumba.

Baada ya maneno yale nilitaka kuondoka. Nilikwishamshika mtoto mkono. Binti mmoja aliyekuwa kwenye darubini, msaidizi wao, akatuita pembeni: "Dada, msiondoke hamjaona sayari ya Mshtarii." Nikasita, nikakubali. Na wallahi nilichokiona sijawahi kukiona maishani. Duara dogo la rangi ya maziwa, lina mistari miwili hafifu, na kando yake nukta nne za nuru zimejipanga kwenye mstari mmoja. Binti akatueleza kuwa hizo ni miezi yake, Io, Europa, Ganymede na Callisto, na kwamba Galileo alizitazama Januari ya mwaka 1610 kwa darubini duni kuliko ile iliyokuwa mbele yetu, akaona usiku kwa usiku zinabadilisha mahali, akajua kuwa si kila kitu cha mbinguni kinaizunguka dunia.

Mtoto hakuuliza kwa sauti. Alimnong'oneza. Alitaka kujua kwa nini hazianguki kwenye Mshtarii. Binti akainama akamjibu kwa sauti ile ile ya chini, bila haraka, na mstari wa watu nyuma yetu ukasubiri. Akamwambia zinaanguka muda wote, ila zinakwenda mbele pia. Iliyo karibu inavutwa zaidi kwa hiyo inalazimika kukimbia: Io inamaliza mzunguko kwa kiasi cha siku moja na robo tatu, Callisto iliyo mbali inachukua karibu siku 17. Akamwambia, "Zichore zilivyo, kisha urudi kabla hatujafunga." Mtoto akachora. Aliporudi baadaye nukta moja ilikuwa imesogea, inaonekana kabisa ukilinganisha na mchoro. Nilimwona anatabasamu. Pale, kwa dakika zile, ningewapa kila nilichokuwa nacho mkobani. Ningeandika usiku ule ule, mngesoma sifa tupu.

Lakini yule bwana alishika tena kipaza sauti kabla ya kufunga. Alikuwa anasoma karatasi, na karatasi hiyo sidhani iliandikwa kwa ajili yetu. Akawaambia watoto wageuke upande wa kibla, waitafute Nyota ya Kaskazini juu kidogo ya upeo. Sisi tuko kiasi cha digrii 6 kusini ya ikweta. Nyota ile kwetu iko chini ya upeo, haionekani Jambiani, haionekani Mjini, haionekani Chake Chake. Upande wenyewe hakuna mtoto wa Kizanzibari wa kuonyeshwa, maana Makka iko karibu kaskazini moja kwa moja kutoka kwetu, na kila anayesali anajua kaskazini iko wapi. Watoto wakageuka, wakatazama. Na baadhi yao wakasema, "Naiona, mwalimu."

Hilo ndilo lililonikata maini kuliko hata matusi ya pweza. Walisema wanaona kitu ambacho hakipo, kwa sababu walishashuhudia anavyofanywa mtoto anayesema kuwa jambo halipatani. Mtoto wetu hakusema anaiona. Hakusema kitu.

Nilimpigia mwenye mradi. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Akasema, "Pole sana dada, jamaa alikuwa anatania tu, tutampa mtoto nafasi ya bure mwezi ujao." Nikamwambia utani ni wa watani, yule bwana si mtani wetu wala wa mama yangu. Nikamwambia nafasi ya bure siitaki. Namtaka msomeshaji wake asimame pale pale, kwa kipaza sauti kile kile, alijibu swali la maji, na kama halijui amwachie binti wa darubini alijibu. Na ile karatasi waitupe, waandike ya kwetu, yenye bamvua ndani yake.

Kwa hiyo natoa alama ngapi? Darubini na yule binti wangepata tano bila kufikiri. Nikiwa na hasira nilibonyeza moja. Jana nikapandisha hadi tatu baada ya kuuona mchoro wa Mshtarii umebandikwa ukutani kwa mama. Leo nimemsikia mtoto akimwambia bibi yake kwamba darasani sasa anauliza tu akiwa na uhakika swali si la kijinga, nikarudisha hadi mbili. Mbili kati ya tano ndizo ninazoziacha. Mwenye mradi aliniahidi kunipigia, na mpaka ninapoandika hajapiga.