Kuomba Hifadhi Ulaya kwa Kanuni Mpya: Tathmini ya Huduma, Dirisha kwa Dirisha

Mtu anayefika Brussels au Paris akitokea Uvira, Bukavu au Bujumbura na kusema hawezi kurudi kwao anaingia kwenye huduma yenye madirisha mengi. Kuanzia tarehe 12 Juni 2026 madirisha hayo yanafuata kitabu kimoja, yaani Kanuni 2024/1348 ya Umoja wa Ulaya, iliyopitishwa Mei 2024 pamoja na sheria nyingine za mkataba mpya wa uhamiaji. Kanuni hii inachukua nafasi ya agizo la 2013, ambalo kila nchi ilikuwa ikilitafsiri kivyake. Denmark peke yake haimo.

Tunaipima kama huduma nyingine yoyote: inaahidi nini, kwa siku ngapi, unaondoka na karatasi gani mkononi, na ukihudumiwa vibaya unakwenda wapi. Kwenye ratiba na kwenye kurekodi usaili, imeizidi iliyotangulia. Kwenye msaada wa sheria na siku za rufaa, haijafika. Kasoro yake kubwa ni kwamba kinga nyingi hupewa anayeziomba, na saa huanza kuhesabu kabla mwombaji hajajua cha kuomba.

Tuanze mlangoni, maana hapo ndipo wengi hujikwaa. Kanuni inatenganisha mambo matatu ambayo watu wetu huyachanganya na kuyaita yote "kuomba". La kwanza ni kutamka ombi. Hakuna fomu wala neno maalumu. Inatosha kumwambia polisi au afisa wa mpaka kwamba unaogopa kurudishwa na unataka ulinzi. Ukimwambia afisa asiyehusika na uandikishaji, ofisi yake ina siku 3 za kazi kupeleka taarifa panapohusika. La pili ni kuandikishwa, ndani ya siku 5, au 15 waombaji wakifurika. Hapo unapewa hati ya kuonyesha kwamba wewe ni mwombaji. La tatu ni kuwasilisha ombi lenyewe, ndani ya siku 21 tangu kuandikishwa. Panapofurika, muda huo unaweza kufika miezi 2.

Hatari iko kwenye hili la tatu. Mtu amechukuliwa alama za vidole, amepigwa picha, amepewa karatasi, akaona kazi imekwisha. Bado. Asipotokea kuwasilisha, ombi huhesabiwa kuwa ameliacha, na kulifufua ni kazi kubwa kuliko kulianzisha. Waliokuja bila visa kupitia mpaka wa nje wana hatua nyingine kabla ya hizi, uchunguzi wa awali wa utambulisho, afya na usalama, usiozidi siku 7. Wanaokamatiwa ndani ya nchi bila kupitia uchunguzi huo hufanyiwa kwa siku 3. Kinachojazwa kwenye fomu hiyo kitasomwa tena kwenye usaili, kwa hiyo usikubali kuandikiwa jambo ambalo hukulisema, hata kama foleni ni ndefu.

Siku ya kuandikishwa, angalia jina na tarehe ya kuzaliwa kabla hujatia sahihi. Mkongo mwenye majina matatu hupachikiwa la katikati kama jina la ukoo. Kwa Warundi na Wanyarwanda, baba na mtoto mara nyingi hawana jina hata moja la pamoja, na afisa asiyejua huona familia isiyo familia. Lieleze mapema, liandikwe. Asiyejua tarehe yake kamili mara nyingi huandikiwa 1 Januari. Kosa la mwaka mmoja hapo linaweza kumtoa mtoto wa miaka 17 kwenye kundi la watoto.

Kwa watoto waliokuja peke yao huduma imeboreshwa kweli. Kila mtoto anatakiwa apangiwe mwakilishi ndani ya siku 15 za kazi tangu kutamka ombi, na mwakilishi mmoja asibebe zaidi ya watoto 30. Pakifurika, siku zinapanda hadi 25 na watoto hadi 50, idadi ambayo kwetu ni kubwa mno kwa mtu anayetakiwa kumjua kila mtoto. Umri ukitiliwa shaka, vipimo vya daktari ni njia ya mwisho, na shaka ikibaki mtoto anahesabiwa mtoto.

Sasa usaili. Hapa ndipo kesi hushinda au huanguka, na hapa ndipo tunatoa sifa bila kubana: usaili sharti urekodiwe kwa sauti. Zamani, katika nchi ambazo hazikurekodi, mwombaji alibaki na ripoti iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma, na mkalimani akikosea hapakuwa na ushahidi. Sasa, pamoja na ripoti au nakala ya maneno yote, kuna sauti inayoweza kusikilizwa kwenye rufaa. Mwombaji ana haki ya kurekebisha na kufafanua yaliyoandikwa mwishoni mwa usaili au ndani ya muda atakaopewa, na pia kuomba, pale inapowezekana, msaili na mkalimani wa jinsia anayoitaka. Msaili haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi wala ya polisi. Aliyehojiwa kambini na mtu mwenye sare anajua uzito wa sharti hilo.

Kurekodi, hata hivyo, hakutengenezi ukalimani mbovu, kunauhifadhi tu. Kiswahili kina mitego yake, na kila anayejiandaa anapaswa kuijua kwa jina.

Mtego wa kwanza ni saa. "Walikuja saa mbili usiku" kwa mtu wa Kigoma ni saa 20:00. Mtu wa Lubumbashi aliyezoea kutaja saa kwa Kifaransa anaweza kumaanisha 02:00. Mkalimani asipouliza, na mke akasema tofauti kwenye usaili wake, ripoti itaandika kwamba wanapingana. Taja na hali: kabla ya kulala, baada ya isha, jogoo wa kwanza.

Wa pili ni "a-". Tukisema "alinipiga, akaniambia", hakuna mwanamume wala mwanamke. Lugha inayotafsiriwa inadai jinsia, na mkalimani hubahatisha. Kurasa tano baadaye yule "bwana" anageuka mama, na msaili anaweka alama ya kuuliza pembeni. Mtaje mtu kwa cheo au uhusiano kila anaporudi kwenye maelezo.

Wa tatu ni ndugu. Mtoto wa baba mdogo ni ndugu yangu, na sisi hatuoni utata. Kwenye fomu ya familia hukumwandika kama kaka wa tumbo moja, halafu kwenye usaili mkalimani anasema "kaka yake aliuawa". Useme "mtoto wa baba yangu mdogo", kila mara.

Wa nne ndio unaobeba sheria ndani yake. "Askari" anaweza kuwa polisi, mwanajeshi au mlinzi wa ghala. "Kukamatwa" kunaweza kuwa kutiwa mbaroni na dola au kutekwa na wanamgambo. Msaili anataka kujua nani anakutesa na kama dola inaweza kukulinda. Jibu lote linakaa kwenye maneno hayo mawili. Taja kikosi, sare, silaha, gari, na mahali ulipopelekwa.

Kuhusu lugha yenyewe, kanuni inakupa ile uliyoichagua, isipokuwa ipo nyingine unayoielewa na kuisema waziwazi. Upenyo huo ndio unaowasukuma Wakongo wengi kwenye Kifaransa. Kifaransa cha darasani kinatosha kununua tiketi ya treni. Kusimulia ulichofanyiwa mahabusu ni jambo lingine. Sema tangu siku ya kuandikishwa kwamba unataka Kiswahili, na utaje cha wapi: cha Kivu, cha Katanga, cha Pwani, Kibajuni. Dakika za mwanzo za usaili ni za kumpima mkalimani. Ukiona hamwelewani, litamke palepale ili liingie kwenye rekodi. Ukinyamaza hadi mwisho, malalamiko yataonekana ya kutungwa baada ya kukataliwa.

Wakati huohuo inatakiwa ifanyike tathmini ya mahitaji maalumu, imalizike ndani ya siku 30 tangu kutamka ombi. Inawahusu walioteswa, waliobakwa, wagonjwa, wenye ulemavu. Mamlaka isipoweza kumpa mtu wa namna hii msaada anaouhitaji ndani ya utaratibu wa haraka au wa mpakani (njia mbili za kuamua upesi, tunazieleza hapa chini), inabidi imtoe humo. Tatizo ni kwamba aliyebakwa mara chache husema mbele ya mtu asiyemjua katika wiki 4 za kwanza. Kanuni inaruhusu tathmini kurudiwa pakiibuka jambo jipya. Itumieni nafasi hiyo. Haina aibu na haijachelewa.

Kwenye njia za haraka ndipo mashaka yetu yanapokaa. Ombi la kawaida linatakiwa liamuliwe ndani ya miezi 6 tangu kuwasilishwa, na linaweza kuongezwa miezi 6 mingine. Njia ya haraka ni miezi 3. Utaratibu wa mpakani ni wiki 12 tangu kuandikishwa, rufaa ikiwa ndani yake, na muda huo mwombaji hahesabiwi kuwa ameruhusiwa kuingia nchini. Umoja mzima unatakiwa kuwa na nafasi 30,000 za utaratibu huo.

Anayesukumwa kwenye njia hizo si mdanganyifu peke yake. Yumo pia raia wa nchi ambayo, kwa takwimu za mwaka za Ulaya nzima, waliokubaliwa ni asilimia 20 au chini. Wastani wa nchi hausemi lolote kuhusu mwandishi wa habari mmoja au mama mmoja aliyekimbia. Kanuni yenyewe inalitambua hilo: kigezo hicho hakitumiki hali ya nchi ikibadilika sana baada ya takwimu kutoka, au mwombaji akiwa wa kundi ambalo asilimia hiyo hailiwakilishi. Kifungu hiki kinapaswa kutajwa kwa maandishi mapema, kwa kuwa afisa mwenye mafaili mezani hatakutafutia.

Aliyeingia bila kibali naye anaweza kuwekwa njia ya haraka akichelewa kuomba bila sababu nzuri. Sheria ya Wakimbizi ya Tanzania ya 1998 inataja wazi siku 7. Ulaya haitaji hesabu, inasema mapema iwezekanavyo. Ukichelewa, eleza kilichokuchelewesha kabla hujaulizwa.

Kwamba haraka inaweza kuua haki si hofu ya kubuni. Mwezi Februari 2012 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, Strasbourg, iliamua kesi ya I.M. dhidi ya Ufaransa. Alikuwa Msudani aliyefungiwa kituoni, akapewa siku 5 badala ya 21 kujaza ombi kwa Kifaransa. Mahakama ilisema kwa mazingira yale hakuwa na njia ya kweli ya kujitetea. Kanuni mpya inahitaji kusomwa na kesi hiyo pembeni.

Msaada wa sheria una sehemu mbili, na tofauti yake ni kubwa. Wakati wa ombi unapata ushauri wa bure ukiomba: jinsi utaratibu unavyokwenda, haki na wajibu, msaada wa kuwasilisha. Huo si wakili wa bure anayekaa nawe kwenye usaili. Uwakilishi wa bure unakuja kwenye rufaa, nao pia kwa kuomba, na unaweza kukataliwa ikionekana una fedha za kutosha au rufaa haina matumaini. Mpangilio huu tunauona umekaa kinyume. Wakili angefaa zaidi kabla ya usaili, wakati maneno hayajaandikwa. Ombeni ushauri huo siku ya kuandikishwa, na muombe utolewe kabla ya usaili, uhusu kesi yenu wenyewe, si maelezo ya jumla tu.

Rufaa ndiyo dirisha lenye siku chache kuliko yote. Kwa maamuzi ya njia ya haraka, maombi yasiyopokelewa (yaliyokataliwa bila kuchunguzwa kiini chake) na yaliyohesabiwa kuachwa, kila nchi huchagua muda kati ya siku 5 na 10. Mengine ni kati ya wiki 2 na mwezi 1. Ndani ya siku 5 mtu asiyesoma lugha ya uamuzi anatakiwa atafutiwe tafsiri, apate wakili, wakili apate faili na asikilize sauti ya usaili. Ni kidogo mno, na kinaitia dosari kinga nzuri ya kurekodi: sauti ipo, muda wa kuisikiliza haupo.

Juu ya hapo, kwa makundi hayo rufaa peke yake haizuii kuondolewa nchini. Panahitajika ombi la pili, la kuruhusiwa kubaki hadi mahakama iamue, na lina muda wake usiopungua siku 5. Hadi muda huo upite, na ombi likishawekwa hadi lijibiwe, huwezi kuondolewa. Anayekata rufaa bila kuweka ombi hili anaweza kufukuzwa kesi ikiwa bado mezani. Hesabu inaanzia siku ya kujulishwa uamuzi, kwa hiyo bahasha yenye tarehe itunzwe pamoja na barua, na mkipelekewa kwa mkono, tarehe iandikwe palepale mbele ya aliyeileta. Mkihama makazi, toeni anwani mpya kwa maandishi siku hiyohiyo, kwa sababu barua iliyotumwa anwani ya zamani inaweza kuhesabiwa kuwa imefika.