Kijiwe cha bao cha Majengo, Dodoma: kwa wageni wenzangu wa mji

Nilihamia Dodoma na ofisi mwaka jana, nikaiacha Tandika, Dar, na kijiwe nilichokaa tangu nasoma sekondari. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa basi la asubuhi kwenda Mtumba, basi la jioni kurudi, kula, kulala. Familia ilikuwa bado Dar ikisubiri shule zifungwe. Nilipakua programu ya bao kwenye simu, nikaifuta kabla wiki haijaisha. Bao bila mtu mbele yako si bao kwangu.

Nilijaribu sehemu mbili kabla ya hii. Moja ni baa yenye meza za drafti, wachezaji wazuri kweli, ila muziki ni mkubwa na niliondoka bila mtu kuniuliza hata natoka wapi. Nyingine wanacheza kwa hela. Niliacha pale elfu kumi na tano, sikurudi tena.

Majengo nilifikishwa na masikio. Jumamosi moja baada ya Alasiri natoka sokoni na mfuko wa nyanya, nikasikia kete za komwe zinagonga mbao. Aliyekulia kwenye bao haupotezi mlio ule. Nikaufuata uchochoroni hadi kwenye benchi mbili chini ya mti, muuza kahawa na dele lake, na wazee saba wameinamia bao moja.

Nikaamkia, nikaitikiwa, mmoja akasogea nikapata pa kukaa. Jina sikuulizwa. Nililetewa kahawa kwanza, kikombe shilingi mia, na kashata ya ufuta ambayo muuzaji aligoma kuchukua hela yake kwa kuwa ni siku yangu ya kwanza. Nilitazama mabao matatu mazima ndipo mzee mmoja aliponiuliza, "Kwenu mnacheza?"

Tulianza kama kawaida: kete sita kwenye nyumba, lile shimo maalumu la safu ya mbele, mbili mbili kwenye mashimo mawili yanayofuata kulia kwake, ishirini na mbili mkononi kwa kila mtu. Nilikwenda vizuri wakati wa kunamua, yaani kuingiza kete za mkononi moja moja, nyumba yangu ikajaa mpaka kete kumi na moja. Kisha nikala kete za mzee, kete yangu ya mwisho ikaangukia nyumbani, na badala ya kulala, yaani kuishia hapo, nikaisafirisha: nikazichota kete zote za nyumba na kuzigawa kwenye mashimo yanayofuata. Nilitaka waone mtu wa Dar anavyocheza. Kete zikatawanyika safu zote mbili. Mzee akanyamaza kidogo, akala, akala tena, na kabla kikombe changu hakijapoa safu yangu ya mbele ilikuwa tupu. Hamna.

Kilichonifanya niandike haya ni alichofanya baadaye. Wengine walishaanza kusimama ili wanaofuata wakae. Akawazuia kwa mkono, akazipanga upya kete zote sitini na nne, shimo kwa shimo na zile za mkononi, kama zilivyokuwa kabla sijasafiri. Zote, kutoka kichwani mwake! Akaniwekea kidole kwenye nyumba: "Hapa ungelala, mwanangu. Tazama upande wangu, sina cha kukula." Nikatazama. Kweli hakuwa nacho. Kijiwe cha nyumbani nilikaa zaidi ya miaka ishirini, na hakuna aliyewahi kunirudishia bao nyuma namna ile.

Upungufu upo. Bao ni moja, na siku za watu wengi unaweza kusubiri saa nzima, maana aliyefungwa anasimama na foleni ni ndefu. Watazamaji wana maneno mengi, wengine wanakutajia shimo la kucheza kabla hujafikiri. Mimi hilo linaniudhi, na nimewaambia. Upepo wa mwezi wa saba unapuliza vumbi hadi kwenye kahawa, kwa hiyo beba koti. Wanawake sijawaona wakicheza, na mke wangu, anayenifunga mara nyingi kuliko ninavyomfunga, hajapata nafasi pale. Hilo wazee wangelifikiria, kwa sababu wanakosa mchezaji.

Watoto wanakaribishwa mpaka Magharibi. Mwanangu wa miaka tisa wamemwanzishia bao la kujifunza, kete mbili mbili kila shimo, na yule yule mzee ndiye anayekaa naye. Juzi nimemkuta mtoto anazipanga kete kwa kumbukumbu. Alikosea mashimo mawili tu.

Ukienda, nenda baada ya Alasiri, Jumamosi au Jumapili. Amkia wote, agiza kahawa, tazama angalau bao moja zima kabla hujaomba zamu. Usitoe hela mezani. Fundi mmoja wa Chang'ombe anatuchongea bao la pili la mninga, tumeshachanga nusu ya gharama. Ukitaka kuongeza chochote, mpe muuza kahawa, ndiye anayeshika daftari.