Ziara ya basi Tanga–Mombasa: ukiwa na wazee inafaa

Wanaouliza hapa Tanga kama Mombasa waende na ziara ya kundi au wajiendee wenyewe, mi nimeenda kote kuwili na nasema ukiwa na mama mtu mzima chukua ziara, maana pale mpakani Horohoro muongozaji anawaonesha dirisha gani mgonge pasi, na kivukoni Likoni mkishushwa kwenye basi anamshika bimkubwa mkono mpaka ng'ambo, hilo nawapa tano kabisa. Ila Fort Jesus, ngome imeanza kujengwa 1593 ile jamani, tukapewa nusu saa tu, honi inalia twendeni twendeni, iliniuma sana. Vijana jiendeeni bana, viza hatudaiwi, mzunguke Mji wa Kale mpaka mchoke, viazi karai mle kwa raha zenu.