Tableti ya mtoto: kabla ya dukani pitia kwa fundi

Mwaka jana nilimnunulia binti yangu wa miaka sita tableti ya pinki, kava lake lina masikio ya sungura, boksi limeandikwa RAM GB 8 (kumbukumbu ya kuendeshea programu) na stoo GB 256 (nafasi ya kuhifadhi vitu), nikatoa laki mbili na themanini za Uganda nikajiona nimeokota embe dodo. Wiki ya tatu ikateleza toka kwenye kiti ikaangukia kona kwenye sakafu ya simiti, kona moja tu, kioo kikachora utando wa buibui mpaka katikati. Nikaipeleka kwa fundi wetu hapa Busia, akaipasha moto, akapitisha kale kakadi ka plastiki pembeni akaifungua, akachungulia ndani halafu akaniuliza, "Mama, hii ni kampuni gani?" Hata mimi sijui. Akasema kioo chake hana, na hata pale Mutaasa Kafeero, jengo la maduka ya simu Kampala, nisipoteze nauli.

Ndo maana orodha yangu haianzi na RAM wala kamera. Ikivunjika, na itavunjika tu, kioo na tundu la chaja vinapatikana? Manake hivyo ndo watoto wanaua, kioo kwa kuangusha, tundu kwa kucheza huku imechomekwa, anageuka na waya unapinda naye.

Namba moja kwangu ni Samsung Galaxy Tab A9, ile ndogo ya inchi 8.7 iliyotoka 2023. Bei inauma kidogo, lakini kioo fundi anacho, akikosa anaagiza Kampala kinakuja na basi, kava za sponji zenye mkono wa kushikia zipo, betri ya mAh 5100, inaingia memori kadi, na ndani kuna Samsung Kids, unamfungia mtoto humo hatoki bila pini. Chukua ya RAM 4 na stoo 64. Kuna ya laini na kuna ya Wi-Fi tu, mimi nilichukua ya Wi-Fi, data ina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021 na mtoto na YouTube mnawajua, bora niwashe hotspoti mwenyewe, nimdaunlodie katuni zake, nizime.

Ya pili itel Pad 1. Najua kuna wa kunicheka, lakini sikia, itel na Tecno wanahudumiwa na Carlcare, wale wa matengenezo ya simu zao, na Carlcare wako Kampala, yani una mlango wa kugonga. Inchi 10.1, betri 6000, stoo 128, laini inaingia. Ubaya ni ukubwa, mtoto wa miaka mitatu minne anaibeba kama sinia na sinia mnajua huishia wapi. Kwa wa P4 (darasa la nne) kwenda juu anayesoma PDF za mitihani iko sawa kabisa.

Ya tatu iPad yuzdi, yani iliyokwisha tumika, jen 6 (toleo la sita) ya 2018. Watu wanaogopa kioo, kumbe kwenye hiyo kioo cha juu hakijagandishwa na skrini ya ndani, kikipasuka fundi anabadilisha kioo peke yake, sio kama Air 2 ambayo vimeshikana unalipia vyote. Mfumo wake umeishia iPadOS 17, haupandi tena, kwa mtoto bado inasogea. Ila kabla hujatoa hela hakikisha aliyekuwa anaitumia ametoa akaunti yake ya Apple, aiformati mbele yako mpaka ifunguke yote, ikiomba paswedi ya mtu usiyemjua rudisha, hicho ni kibao cha kukatia nyanya.

Tab A7 Lite ya 2021 naiweka nne, kioo kipo na bei iko chini, ila RAM 3 na stoo 32 inajaa upesi na Android imeishia 14.

Halafu Amazon Fire za watoto, zile ndugu walioko Marekani wanatuletea. Kava lake linashinda yote niliyotaja, na huko kwao ikivunjika ndani ya miaka miwili wanakupa nyingine, sasa toka Busia utaituma na nani? Play Store haina, laini haiingii. Ukiletewa pokea sema asante, kununua hapana.

Mkiani ndo zile za pinki na wenzake wa bluu. Kama mfuko umegoma kabisa na unaiangalia hiyo hiyo, omba iwashwe hapo hapo dukani, weka programu ya DevCheck usome RAM na Android ya kweli, yangu boksi lilisema 8 fundi akanionyesha 2. Na ukiona wameandika 4+4, hizo nne za pili zinaazimwa kwenye stoo, sio RAM. Muuzaji akianza kusema mara charji imeisha mara intaneti inasumbua, muage vizuri uende zako.