Stourhead au Stowe: uende wapi ukiwa na siku moja?

Wanaozuru Uingereza hubishana sana juu ya Stourhead na Stowe, majumba mawili ya kifahari ya mashambani ya karne ya 18 yenye bustani kubwa, na wengi hutazama picha tu.

Kwa jumba lenyewe, Stowe, huko Buckinghamshire, inashinda kwa fahari. Uso wake wa kusini ulitokana na mchoro wa msanifu majengo Robert Adam wa 1771, na ndani mna ukumbi wa duara-yai ulioiga Pantheon, hekalu la kale la Roma. Tatizo: tangu 1923 ni shule, kwa hiyo huingii siku yoyote upendayo. Stourhead ya Wiltshire ni ndogo, na moto wa 1902 uliteketeza sehemu yake ya kati, lakini maktaba ilinusurika pamoja na samani za Chippendale mwana, fundi samani maarufu.

Bustanini mambo hugeuka. Stourhead ina ziwa lililotengenezwa kwa kuzuia maji kwa ukuta wa bwawa. Unalizunguka, na kila kona inakufungulia hekalu jingine la mapambo, ikiwemo Pantheon yake ya miaka ya 1750. Binafsi sijaona bustani iliyopangwa kwa ujanja kama huo. Stowe, alikofanyia kazi mbunifu wa bustani Capability Brown kuanzia 1741, ni pana, ina mahekalu na minara ya kumbukumbu zaidi ya 40, na inadai miguu.

Una wazee au watoto? Stourhead. Unapenda siasa zilizofichwa kwenye sanamu, na viatu vyako ni imara? Stowe, ila kagua kwanza ratiba ya jumba.