Ofisi ya msaada wa kisheria Malindi: walivyonishika mkono kwenye kesi ya mwanangu

Ofisi yenyewe iko mjini, ghorofani, upande wa sokoni. Ushauri ni bure, utalipia fotokopi tu. Majina yetu siyataji kwa sababu faili letu bado liko kortini, na mambo ya watoto hayatangazwi.

Nilifika Jumatatu asubuhi na mwanangu wa miaka 6. Alikuwa amelala kwa babake siku mbili, akarudi na alama ya moto mkono wa kushoto, kubwa kama sarafu ya shilingi 20. Babake alisema ni mafuta ya mahamri, yaliruka jikoni kwa nyanyake. Sikumwamini. Tumeachana mwaka wa tatu huu na tumeambiana maneno mengi mabaya.

Dada aliyenipokea alichukua karatasi, akachora mkono, akaniambia nitie alama pale penye jeraha. Akauliza nani aliliona kwanza, saa ngapi, na mtoto alisema nini kwa maneno yake mwenyewe. Kisha akauliza, "Na wewe ulimuuliza vipi?"

Nikasema kweli. Nilimwambia mtoto, "Ni baba aliyekuchoma, sivyo?"

Akaweka kalamu chini. "Swali hilo usilirudie tena, dada yangu. Ukimtia jibu mdomoni, kesho hata yeye hatajua lipi aliliona na lipi alilisikia kwako."

Niliumia sana. Nilidhani anamtetea baba mtu. Lakini siku hiyohiyo alinipeleka mwenyewe kituo cha polisi, dawati la jinsia, tukapata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, na fomu ya P3, ile ya polisi ambayo daktari huandika jeraha, halafu hospitali daktari akaijaza jeraha likiwa bado bichi. Fomu ya P3 hailipiwi, msikubali kutozwa pesa. Akaniandikia pia 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Mimi nilitaka kwenda kwa kadhi, maana talaka yetu ilipita huko. Akanieleza kwa utulivu kwamba madai ya mtoto kuumizwa tuyapeleke korti ya watoto. Akanisomea Ibara ya 53 ya Katiba ya Kenya na Sheria ya Watoto ya 2022 kwa Kiswahili cha nyumbani: masilahi ya mtoto yanatangulia yangu na ya babake, na jukumu la kumlea ni letu sote wawili. Afisa wa watoto alizungumza na mwanangu peke yake, mimi nikiwa nje kwenye benchi, kisha akazitembelea nyumba zote mbili.

Lipo jambo lililonikera, na naomba walirekebishe. Chumba ni kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Jirani yangu alikuwa upande wa pili na kesi yake ya shamba, akasikia kila kitu. Kufika jioni, mtaa mzima ulikuwa unajua. Mama mwenye mambo kama haya anahitaji mlango unaofungwa.

Daktari ameandika kwamba jeraha linaweza kuwa la mafuta. Bado sijui. Kwa agizo la muda, mtoto analala kwangu na babake anamwona Jumamosi, shangazi yake akiwepo. Jumamosi iliyopita alirudi na kaimati kwenye gazeti, amenibakishia mbili. Nikala, nikamnawisha mikono, sikumuuliza kitu.